Fungu Moja la Watu Wengi

Jioni ile nilifika darasani na hofu. Mdogo wangu Lucienne alikuwa Kampala, jicho lake limefunikwa na ukungu, na hospitali ilikuwa imemwambia malipo yote yafike kabla kese, dirisha la kulipia, haijafungwa, ama nafasi yake ya kupasuliwa apewe mwingine. Feza ilikuwa tayari katika simu yangu, dola za kidijitali nilizoweka kidogo kidogo kwa kuuza vitenge hapa mtaani kwetu Nyakasanza. Ilitosha matibabu, haikuzidi sana.

Tunasomea matumizi ya feza za kidijitali katika ukumbi wa parokia. Mwalimu wetu Christella ana umri wa kitinda mimba wangu. Nilimwonyesha simu. Nilikuwa nimechagua mnyororo mkuu, lile daftari moja la dunia nzima alilotufundisha kwanza, ambalo hakuna awezaye kulifuta. Lakini siku hiyo watu wengi walikuwa wakigombania nafasi humo, na ada ilikuwa imepanda.

Liévin, mwanafunzi mwenzangu anayeendesha pikipiki ya abiria, akachungulia. "Mama Pétronille, na hii frais ya kutuma, munganga atatengeneza nusu ya jicho!"

"Nyamaza, weye!"

Christella akagusa jina la mtandao mwingine. Ada ikashuka, ikawa chini ya bei ya ndizi moja. Nikashtuka.

"Mbona rahisi hivi? Si ya uongo?"

"Hapana, mama. Hii ni tabaka la pili, iko juu ya mnyororo mkuu. Maelfu ya watu wanatumiana feza kule. Kisha mashine inakusanya yote, inaikaza iwe fungu moja, inaliandika kwenye mnyororo mkuu kwa mara moja. Ile frais wanaigawana wote."

"Basi feza ya Lucienne itachanganywa na ya watu nisiowajua?"

Hapo moyo wangu ulikataa. Katika shirika letu la sala hapa parokiani, anayetoa nia ya misa hutaka padri alitaje jina lake waziwazi. Mimi sijawahi kukubali nia yangu ipitishwe pamoja na "nia zote za waamini". Niliamini kwamba asiyetajwa amesahauliwa. Nikarudisha kidole kwenye mnyororo mkuu.

"Mama, ukifinya hapo Lucienne atapungukiwa. Ngoja kwanza uone."

Alifungua fungu moja lililokwisha kuandikwa. Mistari ikaanza kupita, ikapita, haikwisha. Kila mmoja ulionyesha feza ilikotoka, ilikokwenda, na kiasi chake.

"Hakuna uliopotea?"

"Hata mumoja. Fungu linakwenda na ushahidi wa hesabu, na mnyororo mkuu unaupima. Mustari mumoja ukiwa wa uongo, fungu lote linakataliwa."

Nikaitazama tena ile mistari ya watu. Pengine mmoja wao alikuwa akilipa karo, mwingine akimzika baba yake. Hawakujuana, na bado kila mmoja alikuwa amempunguzia mwenzake mzigo. Nikamfikiria Mungu, anayesikia dunia nzima ikimlilia kwa pamoja na asikose sauti hata moja. Sikutazamia kuona kivuli cha jambo hilo katika simu yenye kioo kilichopasuka.

Nikafanya ishara ya msalaba, nikafinya tabaka la pili.

Punde Lucienne akapiga, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake. "Yaya, sioni feza kwa simu! Kese wanafunga!"

Christella akachukua simu. "Mama Lucienne, uko unaangalia mnyororo mukuu. Feza iko kwa tabaka la pili. Badilisha mutandao, pale juu."

Liévin naye alikuwa ameacha utani. Kisha tukasikia kelele.

"Imefika! Yote! Mubadilishaji feza iko hapa nami, naye anaiona, ananipa za mukononi. Nakimbia kese!"

Somo halikuendelea. Tuliomba, hata Liévin, mpaka simu ilipolia tena.

"Wamenipokea," Lucienne akasema, akihema. "Kesho asubuhi wananipasua. Lakini yaya, wanasema nisikule tena mpaka kesho, na miye nilikuwa nimeshanunua samaki muzima ya usiku!"