Vikabichi vya Rahabu

Mbegu zilitoka kwa Mama Jayshree, mwenye duka Singida mjini, mteja wa mboga wa Rahabu. Rahabu akaotesha kitalu pale Mungaa, akamgawia nusu ya miche wifi yake Dorkas, mke wa kaka yake. Alimpa kwa roho safi, na hilo ndilo lililomuudhi Dorkas. Mtu hata kosa la kumsema hana.

"Hii ni kabichi gani?"

"Ndogondogo, wifi. Utaziona."

Dorkas alisikia kabichi, basi. Kila Jumapili ya mavuno mama mkwe hutaja mboga iliyompendeza, na miaka mitatu mfululizo ametaja ya Rahabu, binti yake. Mwaka huu, hapana.

Miche ikarefuka kama vijana wa kwaya. Kisha kwenye kila kikonyo cha jani kikachomoza kijichipukizi cha mviringo. Dorkas, fundi wa kupogoa nyanya, alijua dawa: nyofoa vyote, nguvu ipande juu, kabichi ifunge kichwa. Kila asubuhi alinyofoa, akawatupia mbuzi.

Siku moja akachungulia kwa Rahabu. Mashina yamejaa vinundu kama yameugua tetekuwanga. Masikini, kumbe kupogoa hajui! Angeweza kumwambia. Badala yake alimuuliza tu, "Shamba haliendi vibaya, wifi?" akaenda zake akiimba pambio.

Jumapili ya mavuno ikafika, kabichi za Dorkas bado hazina kichwa. Nje ya kanisa akamkuta Rahabu na beseni la vikabichi, kila kimoja saizi ya ndimu changa. Akavitambua papo hapo. Alikwishanyofoa debe zima.

"Vyako viko wapi, wifi?"

"Mbuzi wamekula." Hakudanganya.

"Pole jamani. Tugawane hivi, usiingie mikono mitupu."

Akammiminia nusu kwenye beseni la pili. Baada ya ibada, kabla mnada wa mavuno haujaanza, mama mkwe akapita kwenye meza ya sadaka na miwani yake, akainua beseni la Dorkas.

"Mwaka huu mkwe wangu katushinda. Hivi vimenona kuliko vya Rahabu."

Dorkas akageuka haraka, asikose kumwona wifi akinuna. Rahabu alikuwa akipiga vigelegele kuliko wanawake wote, macho yamemlowa kwa furaha.

Hata kushindwa anakujua, mwanamke yule. Dorkas akabana midomo. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa mwaka jana.