Maneno Aliyoyameza Noelia

Noelia Barrientos alikuwa karani katika ofisi ya meya wa Ashby Flats, mji mdogo kwenye bonde la matufaha. Wazazi wake walikuwa wachumaji, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kupata kazi ya kuketi. Mama yake hakuchoka kuwaambia watu kanisani kwamba binti yake ana kiti kinachozunguka. Basi Septemba ilipofika, mwezi wa kuwaenzi Walatino, yaani wahamiaji wanaozungumza Kihispania na uzao wao, na mji ukaamua kumtunuku Bibi Eufrasia Villaseñor kwa kuanzisha zahanati, kazi ya ukalimani ikamwangukia Noelia bila hata kuulizwa.

Ukumbi ulifurika. Mbele waliketi wakubwa, akiwemo Bwana Lindqvist, mwenye mashamba makubwa kuliko yote bondeni, ambaye ndiye aliyegharimia chakula na wapiga gitaa. Nyuma walisimama wachumaji, wengine buti zao bado zina vumbi la shamba.

Bibi Eufrasia, mwenye miaka sabini na tisa, alipokea cheti chake, akakiweka kitini bila kukitazama. Akazungumza Kihispania, polepole.

"Asanteni. Ila zahanati hii hatukupewa na mtu. Macario wangu alinyunyiziwa dawa ya wadudu akiwa juu ya ngazi, shambani kwa Lindqvist. Msimamizi akasema huyu kalewa tu, gari la wagonjwa la nini? Alikufa akitapika kwenye majani. Ndipo sisi wanawake tukagoma kuchuma, siku kumi na saba, mpaka mji ukatupa chumba na daktari. Mkitaka kutuheshimu, lisemeni hilo."

Wa mbele walikuwa wakitabasamu tu, wakimngoja mkalimani.

Noelia alimtazama meya, akamtazama Lindqvist aliyekuwa amekunja nne, akiitikia kwa kichwa kwa upole kama mzee wa kanisa.

"Bibi anasema... anaushukuru sana mji, pamoja na wafadhili wote. Anasema marehemu mumewe angefurahi sana leo."

Wa mbele wakapiga makofi. Lindqvist akapiga akiwa amesimama. Nyuma hakupiga mtu, ila mwanamume mmoja alicheka kicheko kikavu, akasema kwa Kihispania, "Kumbe kweli kile kiti kinazunguka!"

Noelia akamwona mama yake, katikati ya wachumaji, ameinamisha kichwa.

Nyumbani mama alimpakulia maharage.

"Mama, ningefanyaje? Pale ni kazini kwangu."

"Nimekuuliza kitu? Kula."

Siku mbili Noelia alizunguka njia ya nyuma kwenda kazini, asipite mbele ya duka la mikate ambako wachumaji hunywa kahawa. Siku ya tatu akaenda kwa Bibi Eufrasia, njia nzima akijipangia la kusema. Alimkuta jikoni akikwangua miiba ya majani ya mpungate, dungusi inayoliwa kama mboga.

"Bibi, juzi nilibabaika. Kile kipaza sauti, na watu wengi vile, nikasahau baadhi ya—"

"Hukusahau. Keti."

Akaketi.

"Miaka hamsini niko hapa, mwanangu. Kiingereza cha kuwashukuru wafadhili kinaweza kunipita mimi? Nilikisikia chote."

Noelia alihisi masikio yakiwaka moto. "Sasa mbona hukunisahihisha palepale?"

"Mbele ya mama yako? Nikuvue nguo ukumbi mzima unaona?"

Hapo ndipo aibu ilipomvaa sawasawa. Alikuwa amekuja tayari kutukanwa, na matusi angeyavumilia. Hakujua kwamba mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimwibia maneno ndiye aliyemsitiri. Akalia kwa kwikwi kama mtoto.

Bibi Eufrasia aliendelea kukwangua. "Hayo machozi hayanipikii mboga. Jumanne baraza la mji linakaa, na kila mwananchi ana dakika tatu za kusema. Nenda kayaseme yote."

"Watanifukuza kazi, Bibi."

"Huenda. Mimi nimefukuzwa mara nne."

Jumanne ile waliohudhuria hawakufika kumi na watano. Lindqvist hakuwepo. Mama yake Noelia alikuwepo, na Bibi Eufrasia aliketi safu ya kwanza, mkoba mapajani. Noelia akasimama, karatasi mkononi, akasema kwamba katika sherehe alitafsiri uongo kwa sababu ya woga. Kisha akasoma: dawa, ngazi, jina la mwenye shamba. "Macario Villaseñor," akasoma, "alifariki shambani—"

"Sikusema hivyo," Bibi akamkata, kwa Kiingereza kilichonyooka. "Sema kama nilivyosema."

Noelia akarudia: "Alikufa akitapika kwenye majani."

Akaendelea mpaka siku kumi na saba za mgomo. Meya hakuinua macho. Noelia alipomaliza, katibu akauliza maneno hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao au la, na meya akasema yaandikwe. Wakaingia kwenye suala la mapipa ya taka.

Hakufukuzwa. Alihamishiwa chumba cha chini, kwenye kutoa leseni za kufuga mbwa. Wachumaji wakaanza tena kumsalimu barabarani, na mmoja wao, yule aliyecheka ukumbini, akamvulia kofia. Noelia aliitikia upesi akapita huku akitazama chini, kwa kuwa kila aliposalimiwa vizuri alisikia tena yale makofi ya watu wa mbele walioupigia uongo wake.