Kiti Kina Mwenyewe

Verna Stupak alikikokota kiti cha jikoni mitaa sita, kwa kuwa mabasi yalikuwa yamesitishwa mpaka gwaride lipite. Alikifunga kwa kamba juu ya kigari cha nguo alichoazima kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Kila gurudumu lilipokwama kwenye ufa wa lami alisimama, akafuta jasho kwa mkono uliochunwa na sabuni, akaendelea. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwezi wa Agosti. Kesho yake mji wa Harbeck ungeadhimisha Sikukuu ya Mahindi.

Kando zote mbili za Barabara Kuu viti vilikuwa vimekwisha kupangwa, vya turubai na vya plastiki, vingine vimefungwa vitambaa vyenye majina ya ukoo. Ndivyo watu wa Harbeck walivyoshika nafasi tangu enzi za babu zao. Ukiacha kiti chako Ijumaa, utakikuta Jumamosi. Hata mlevi hukizunguka. Watu wa mji ule walikuwa wamekwisha kuibiana magari, mipaka ya mashamba na hata wake, lakini kiti cha gwaride hakuna aliyewahi kukigusa.

Verna alikishusha cha kwake kwenye kona ya Mtaa wa Saba, mbele kabisa ya jukwaa la waheshimiwa, juu ya matundu manne yaliyozibwa kwa saruji.

Gus, fundi wa manispaa, alikuwa akifunga utepe kwenye ngazi za jukwaa. Alimwona, akashuka polepole.

"Mama Verna, hapo ndipo atakapopita yule mgeni wa Diwani Dale."

"Na apite."

"Dale atanila nyama."

"Kiondoe basi. Spana unayo, si ndiyo ileile uliyong'olea benchi?"

Gus aliangalia viatu vyake. "Benchi lilikuwa na amri ya baraza."

"Na kiti?"

"Kiti kina mwenyewe," alisema Gus, akarudi kwenye utepe wake.

Benchi lile lilikuwa la Ray, mumewe. Si kwa maandishi. Ray alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, figo zikamfia, na mara tatu kwa wiki alipanda basi hapo kwenda hospitali kusafishwa damu. Aliketi hapo akilisubiri. Oktoba iliyopita Diwani Dale Hockstra, mwenye duka la samani ng'ambo ya barabara, aliliambia baraza kwamba benchi linavutia watu wasiopendeza macho. Likang'olewa, kando yake pakawekwa chungu kikubwa cha maua. Ray alisimama majira yote ya baridi. Februari, siku ambayo basi lilichelewa dakika arobaini, alikishikilia chungu kile mpaka magoti yakamsaliti. Aliangukia kisogo kwenye barafu. Alikaa siku nne hospitalini, akafa.

Dale alikuja mazikoni na bakuli la viazi na nyama ya nguruwe. Chini ya bakuli alikuwa amebandika karatasi yenye jina lake, ili lirudi. Na lilirudi. Verna alilisugua, akalikausha, akalipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, akasema ahsante, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Katika yote, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kwamba alilisugua.

Alikwenda barazani mara mbili. Kila raia alipewa dakika tatu. Mara zote mbili taa nyekundu ya kukata muda iliwaka kabla hajafika kwenye barafu. Hakwenda mara ya tatu. Alianza kuingojea Sikukuu ya Mahindi.

Jumamosi asubuhi watu walijaa. Verna alisimama kando ya kiti, hakukikalia. Dale alishuka jukwaani amevaa kofia ya nyasi, tabasamu limemtangulia. Nyuma yake, juu jukwaani, alikaa mgeni, Bwana Ahlquist, aliyekuwa akizunguka miji ya Magharibi ya Kati ya Marekani akikusanya mawazo ya kuboresha maisha ya mijini. Mji ambao angeutaja wa kwanza kitabuni mwake ungepata fungu la fedha la kujengewa kituo kipya cha basi.

"Verna, dada yangu! Umependeza. Tukusogeze pale kivulini kidogo?"

"Kiti ni cha Ray."

"Najua, najua. Sote tunamkumbuka."

"Basi kisogeze wewe. Kwa mikono yako."

Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kumkaribisha mtu kahawa. Dale aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akainama, akakishika kiti kwenye egemeo lake, akakiinua.

Barabara nzima ikageuka kumtazama.

"Dale!" Ilikuwa sauti ya Loretta, jirani yake Verna, kutoka ng'ambo. "Hicho kiti kina mwenyewe!"

"Kirudishe, bwana!"

"Marehemu mama yako angekuona, angekuchapa na mwiko!"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha urafiki. Dale alikirudisha chini. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola mpaka masikioni, na Verna akautazama ukipanda, inchi kwa inchi, kama mtu anywaye maji baada ya safari ndefu. Hakushiba. Alitaka zaidi. Alitaka Dale apige magoti, pale pale kwenye saruji.

Lakini mgeni alikuwa amekwisha kushuka, daftari mkononi.

"Hiki ni cha nani, mama?"

"Cha mume wangu. Hapa palikuwa na benchi. Huyu bwana aliliondoa, na mume wangu—"

Ngoma za bendi zikaanza kwenye kona, zikaimeza sauti yake.

"Ajabu!" Ahlquist alimgeukia Dale huku akiandika. "Nimepita miji arobaini na mmoja. Kote wananililia mabenchi, mabenchi. Hapa watu wanakuja na viti vyao wenyewe, na hakuna anayeviiba! Hili litafungua kitabu changu."

Dale alivua kofia, akajipepea. Rangi yake ilikuwa ikirudi. "Ndivyo tulivyo sisi. Hatusubiri serikali."

"Alikufa kwa kusimama!" Verna alipiga kelele. "Umenisikia? Alikufa kwa kusimama hapa!"

Tarumbeta zilikuwa zimefika. Ahlquist aliweka kiganja sikioni, akatabasamu, akamwinulia kidole gumba, akapanda ngazi.

Verna akakigeuza kiti kielekee jukwaa, akaketi, gwaride likiwa mgongoni. Alimkazia Dale macho. Dale, aliyekwisha kurudi jukwaani, akalipungia gwaride mkono juu ya kichwa cha Verna. Gari la zimamoto likapita likimwaga peremende kwa watoto, na peremende zikamgonga Verna mgongoni na kisogoni, moja, kisha nyingi, na watu wakashangilia.