Ndege ya Chumbani kwa Ulita

"Hivi wewe Ulita, ukidondoka humo ndani unadondokea wapi? Chini ya kitanda?"

Agrafina, jirani wa mlango wa pili, aliliuliza swali hilo majira ya barafu yaliyopita, amesimama kizingitini na mkia wa samaki mkavu mdomoni. Mbele yake palikuwa na meza ya mbao, kompyuta ambayo shule ilitaka kuitupa, yenye mchezo wa kurusha ndege, usukani wa plastiki uliokazwa kwa nati mbili, na pedali sakafuni zilizozuiwa kwa gunia la unga zisiteleze. Ulita hakugeuka. Alikuwa futi elfu moja juu ya mto, anatafuta pa kutua.

"Nyamaza kwanza, mwenzangu. Nikishatua nitakujibu."

"Basi niwekee na mimi kiti cha dirishani," Agrafina akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kijiji kizima kilicheka, lakini hapakuwa na ubaya ndani yake. Walimjua Ulita. Miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyekuwa mpokea ndege wao. Kila ndege iliyotua kwenye kiwanja chao cha changarawe ilimkuta kando, juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, tela nyuma. Alishusha mifuko ya barua, katoni za maziwa, matairi, hata majeneza, maana barabara haiji kwao na mto una miezi yake ya kukataa watu. Matumbo ya ndege aliyajua kama mpishi ajuavyo makalio ya sufuria zake: hii ina kutu hapa, ile tairi lake limechoka. Alikwisha kusindikiza maelfu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuondoka ila nyuma kabisa, kati ya mizigo, magoti kidevuni.

Basi Jumamosi hii, wiki ya pili ya Septemba, alikuwa ameketi kushoto, kwenye kiti cha rubani, na ndege ya kweli ilikuwa inatetemeka chini yake.

Kulia aliketi Noreen, mwanamke wa miaka sitini na sita, mfupi, mchache wa maneno, aliyebeba barua za mto huo tangu ujana wake. Tangu Juni alikuwa akija kila Jumamosi na kindege chake cha injini moja kumfundisha Ulita. Leo ilikuwa mara ya mwisho. Daktari alikwisha kumwambia moyo wake haufai tena kwa kazi ya angani. Jumatatu anahamia mjini Anchorage kwa binti yake, na mwalimu mwingine hakuna, mto mzima.

Kila mwanafunzi wa urubani hungoja jambo moja tu: siku mwalimu atakaposhuka na kumwacha aruke peke yake. Siku hiyo haitangazwi. Mwalimu huitunza moyoni mpaka ameridhika, na asiporidhika, haiji. Bila siku hiyo mtu hubaki abiria aliyeshika usukani. Ulita alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alijua kwamba isipokuwa leo, basi.

Akajipiga ishara ya msalaba, kulia kwenda kushoto, kwa desturi ya Kiorthodoksi, kama alivyofundishwa na mama yake. Noreen akangoja.

"Umemaliza na Mkubwa wako?"

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa tuongee mimi na wewe. Washa."

Mikono ya Ulita ikatembea yenyewe. Mafuta, swichi, taa, redio. Aliponyoosha kidole, kitu alichokitaka kilikuwepo pale pale. Hili ndilo lililomshangaza Noreen tangu siku ya kwanza. Wanafunzi wengine humaliza majuma wakipapasa kama mtu aliyeingia jiko la mwenziwe. Huyu alikuja anajua pa chumvi na pa sukari.

"Nani alikufundisha haya yote?" alimwuliza siku ile.

"Meza yangu," Ulita alijibu, na hakuwa anatania.

Wakaruka. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kawaida: kupanda, kukata kushoto, kwenda sambamba na kiwanja, kukata tena, kushuka. Ulita hakuinua macho. Mbele yake kulikuwa na saa sita za vioo, vipimo vya ndege, mishale yake inacheza, naye akawa anaikimbiza. Huu wa mwendo ukishuka, anausukuma. Ule wa kimo nao ukishuka, anauvuta. Ndege ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Walipogusa changarawe, waligusa kwa kishindo hata meno yakagongana.

"Mh," alisema Noreen. Neno hilo moja.

Mzunguko wa pili upepo wa mtoni uliwasukuma kando, na Noreen akaamuru wapande tena bila kutua. Hakukaripia. Afadhali angekaripia.

Mzunguko wa tatu ndio uliomwaibisha. Walikuwa wameshaelekea kiwanjani, chini kabisa, ndege ilipopoteza hewa ghafla ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Na mkono wa kulia wa Ulita, mkono uliotakiwa kuongeza moto wa injini, ukaachia, ukaenda pajani, ukaanza kupapasa. Unagonga paja. Unatafuta.

Noreen akasukuma moto mwenyewe. Injini ikanguruma, wakapanda, kiwanja kikapita chini yao na pikipiki ya Ulita imeegeshwa kando, ndogo kama mdudu.

"Ulikuwa unatafuta nini pajani?"

Uso ulimwaka Ulita.

"Nakuuliza, mama. Kuna kiroboto?"

"Kitufe," akasema Ulita polepole.

"Kitufe gani?"

"Cha kusimamisha."

Maana kule chumbani kompyuta ilikuwa na kitufe hicho, na kibodi yenyewe alizoea kuiweka pajani. Mambo yakizidi, alikibonyeza. Upepo ulisimama, mto ulisimama, ndege iliyokuwa inaanguka ilitundikwa hewani kama nguo kwenye kamba. Naye alimimina chai, akafikiri, akarudi. Majira yote ya barafu aliokoka ajali kwa njia hiyo.

Noreen akacheka kidogo, kicheko kilichotokea puani.

"Alicho nacho Mungu peke yake, wewe umewekewa mezani. Hata Yoshua, kulisimamisha jua, aliomba kwanza." Akakohoa. "Usiichukie meza yako. Imekupa mikono. Lakini macho yako bado yapo kule, yamebaki kwenye kioo. Hebu ngoja."

Akafungua kilemba chake, kitambaa cha pamba chenye maua ya buluu, akakikunjua na kukichomeka juu ya zile saa sita. Zote zikafunikwa. Mishale ikapotea kana kwamba haijapata kuwepo.

"Dada Noreen!"

"Ulita, unaona nini?"

Swali hilo lilimgonga kifuani. Kwa miaka yote ile, kila asubuhi, sauti ya Noreen ilikuja kwenye redio ya nyumbani kwake kutoka angani na swali hilo hilo, na kila nyumba yenye redio ilisikiliza. Ulita hakujibu kwa namba. Alitoka nje, akatazama, akarudi kusema: naona msalaba wa kanisa, matangi ya mafuta naona nusu, ng'ambo ya mto sioni. Noreen alijua hapo kama aje au arudi. Siku moja Ulita alimwambia, "Sioni hata kibaraza changu, kaa huko huko," na Noreen alikaa. Na siku hiyo ukungu haukuinuka mpaka usiku.

"Unaona nini?" Noreen akarudia.

Ulita akainua macho.

Ee Mungu wangu.

Kwenye kompyuta kijiji chao kilikuwa mstari wa kijivu na visanduku vinne. Waliotengeneza mchezo ule hawakuweka kanisa. Hawakuweka makaburi na misalaba yake myeupe, wala mabanda ya kukaushia samaki, wala Agrafina. Nchi waliipaka kijani kibichi, kijani cha rangi ya duka. Lakini hii iliyokuwa chini yake sasa ilikuwa nyekundu, nyekundu ya majani ya vuli yaliyoungua kwa baridi, imetandazwa mpaka jicho linapochoka, na juu yake maziwa madogo, mia, elfu, kila moja limebeba kipande chake cha anga. Mto ulipita katikati ukijikunja bila haraka. Mabata maji weupe wapatao thelathini walikuwa wanavuka chini ya bawa, chini, akaona migongo yao. Hajapata kuona mgongo wa ndege anayeruka. Miaka ishirini na miwili ametazama matumbo.

Machozi yakamtoka bila ruhusa. Hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Naona msalaba wa kanisa," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya redio, ya kila asubuhi. "Naona matangi yote matatu. Moshi wa Agrafina unalala kuelekea shule, kwa hiyo upepo umetoka mtoni, si mkali. Maji ya bandarini yanakunjamana upande mmoja tu. Kwenye kona ya kiwanja panapokaa dimbwi pana hewa inayovuta chini. Ndiyo ile iliyotushusha. Kila ndege hushtuka pale, nimeziona."

"Haya. Mtu aliyeko chini ameniambia hayo. Sasa wewe uliye juu unafanyaje?"

Ulita alisikiliza. Injini ilipoimba nyembamba, alijua mwendo umezidi. Ilipokoroma, aliongeza moto. Makalio yalimwambia ndege inateleza upande gani, na mguu ukasahihisha kabla hajauamuru. Ule mstari ambapo nchi nyekundu hukutana na anga aliuweka mahali pamoja mbele ya pua ya ndege, ukatulia. Kwikwi ikaisha. Akakata kushoto, akashuka, akapita ile kona ya dimbwi na moto umeshaongezwa kidogo, na hewa ilipovuta haikupata kitu.

Magurudumu yaligusa changarawe, yakaruka kidogo mara moja, yakagusa tena, yakabaki.

Hapakuwa na "mh."

Waliviringika polepole hadi mwisho wa kiwanja, wakageuka kuukabili upepo. Injini ilikuwa bado inazunguka. Ulita aliyatazama majani yaliyolala kwa upepo wa pangaboi, akangoja. Noreen alikichomoa kitambaa chake kwenye zile saa, akakikung'uta, akajifunga kichwani taratibu kama mtu anayekwenda ibadani.

"Dada Noreen, kama unaona bado, niambie tu. Sitaudhika."

Noreen alichukua kijitabu cha mafunzo cha Ulita, akakiweka gotini, akaandika mstari mmoja na jina lake. Akakirudisha mahali pake. Akafungua mkanda, akafungua mlango. Baridi na kelele vikaingia pamoja. Akateremka kwa kushikilia nguzo ya bawa, goti moja baada ya jingine, kisha akainama ndani tena, akaufunga ule mkanda juu ya kiti kitupu na kuukaza usije ukachezacheza. Akamtazama Ulita mara moja.

Kisha akaubana mlango, akaujaribu kwa kiganja, akageuka, na kwenda zake kwenye majani.