Nyaya Zilizopishana

Mayai yalikuwa yamefunikwa blanketi kitandani kwa mama, naye hakutulia. Kila baada ya muda alikuja kuchungulia sebuleni, tulipokuwa mimi na kaka.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Yameanza kulia ndani ya ganda. Kifaranga akifika hapo akapigwa na baridi, hatoki tena."

Mashine yake ya kutotoleshea ilikuwa wazi mezani, taa za joto zimezimika. Ubongo wake ni kidhibiti kidogo, kipande cheusi chenye miguu mingi kama jongoo. Umeme ulipokatika na kurudi, kilisahau joto kinalopaswa kulishika. Kukikumbusha kulihitaji kompyuta yetu kuukuu, ile yenye tundu la pini tisa mgongoni. Tatizo, kidhibiti huongea kwa volti tano, na tundu lile huongea kwa volti kumi na mbili, tena hushuka hadi chini ya sifuri. Asubuhi kaka aliviunganisha hivyo hivyo, kidhibiti kikanuka kama kucha iliyoungua. Cha akiba kilikuwa hiki kimoja tu.

Ndipo nikaweka chipu ya kubadili volti katikati yao, mkalimani wa kumpa kila mmoja sauti anayoiweza. Nikailehemu pamoja na kapasita zake, nikachomeka kebo, nikaandika. Kioo cha kompyuta kikabaki kimya.

"Chipu yako imekufa," kaka alisema.

"Imezaliwa leo, itakufaje?"

"Hata watu hufa siku hiyo hiyo."

Nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Nikapima mguu wa chipu wa kutuma: volti zilikuwepo, hasi, kama ipasavyo. Nikaunganisha pini ya kutuma na ya kupokea kwenye tundu la kompyuta, nikaandika "kuku", na "kuku" ikarudi kiooni. Kompyuta nzima, chipu nzima. Imebaki kebo.

Nikafungua kifuniko cha plagi. Risasi ya kulehemia ndani yake ilikuwa ikimeremeta, mpya kabisa.

"Nani kagusa hapa?"

"Nilirekebisha," kaka alisema. "Nyaya zilikwenda kinywa kwa kinywa, ya kutuma kwa ya kutuma. Nikazipishanisha, kinywa kiende sikioni."

"Mimi nimeshazipishanisha upande wa chipu."

"Hukusema."

"Wewe ulisema?"

Ndivyo tulivyo. Kaka akifunga mlango, mimi huenda kuhakikisha, na nikishahakikisha yeye hurudi kuufunga upya. Kilichopishanishwa mara mbili kimerudi kilikotoka: kinywa kwa kinywa.

"Na ungeniuliza, ungepungukiwa nini?"

"Kukuuliza wewe ni kuomba hotuba."

Mama akasimama mlangoni, yai sikioni.

"Moja limenyamaza," alisema.

Kaka akainama kwenye plagi, mimi kwenye chipu, tukapeana migongo. Pasi ya kulehemu ikapita toka kwake kuja kwangu bila neno. Nikachomeka, nikaandika. Kimya kile kile. Nikamtazama kaka, naye akanitazama, na wote tukaelewa: yeye ametengua mpishano wake, na mimi nimetengua wangu.

Mama hajui volti, lakini watoto wake anawajua.

"Jenereta," alimwita kaka kwa jina alilompa yeye, maana huunguruma sana kabla ya kuwaka. "Kaa hapo chini."

"Mama, mimi ndiye niliyegundua..."

"Kaa. Nipe mikono."

Akaenda chumbani, akarudi na furushi lote la mayai, akamwekea mapajani. Kaka akajikunja kulikumbatia, akaogopa hata kukohoa.

"Haya," mama aliniambia. "Sasa fanya peke yako."

Nikazipishanisha nyaya upande wangu, mara moja tu. Nikapulizia risasi ipoe haraka. Nikaandika tena, na herufi zikajibu, mstari juu ya mstari. Nikakipa kidhibiti joto lake. Swichi ndani ya mashine ikalia tak, taa zikawaka.

"Hata wangu ungefanya kazi," kaka alinong'ona.

"Ungefanya."

Mama akawa anachukua yai moja moja kutoka mapajani mwa kaka, analisikiliza, analilaza kwenye trei. Lile lililonyamaza alilishikilia sikioni muda mrefu kuliko mengine. Kisha akalilaza katikati ya wenzake, akafunga kifuniko, wala hakutuambia alichosikia.