Kaptura Nyingi, Sketi Chache

...na kaptura nyingine tena, naipitisha chini ya sindano huku mama mkwe amekaa kwenye stuli ya wateja ananiambia kesho twende, mwanangu, twende mapema, yule daktari mwenye mashine anatujua, na mimi nakanyaga pedali nisimsikie vizuri, kaptura, kaptura, rundo limefika usawa wa meza na sketi za shule nzima zimeenea kwenye kiti kimoja, mwalimu mkuu alipoleta oda nilidhani amekosea, akacheka, akasema fundi, darasa la kwanza ni wavulana watupu, wasichana wa kutafuta kwa tochi, nami nikacheka naye ili nisilie, maana mmoja najua alikoishia... "Unanisikia?" Nakusikia, mama. "Ni kupima tu." Kupima tu, hata mara ile ilikuwa kupima tu, nimelala tumbo limepakwa ute wa baridi, daktari akamtazama yeye, si mimi, akatikisa kichwa, basi, kichwa kikatikiswa na mwanangu akahukumiwa, mume wangu nje ya mlango anachezea funguo za pikipiki, hakuuliza kitu, nikarudi nyumbani tumbo tupu na maziwa yakaja yenyewe, yakalowesha blauzi, maziwa hayajui wa kike wala wa kiume... uzi umekatika, nalamba ncha, naupenyeza tena tunduni. "Binti mnaye tayari, anatosha." Anatosha, kama chumvi kwenye mboga, na binti mwenyewe, Kifaranga wangu, ndiye anayemkanda miguu bibi yake kila jioni na kumsomea maandishi ya chupa za dawa... sasa anahamia kwenye wimbo wake wa pili, kitindamimba wake, shemeji yangu, mwanamume mzima, kazi anayo, nyumba anayo, mke hana, "Tumezunguka kote, wasichana hakuna, sijui wameenda wapi," sijui wameenda wapi!, mguu wangu unaganda juu ya pedali, anayasema haya mbele ya tumbo langu, macho makavu, na yeye alizaliwa nani, jogoo?, si kuna mwanamke alimtazama akiwa mwekundu analia akasema huyu wangu, na wa huyu wa tumboni ni mimi, si yeye, si mwenye mashine, si mchezea funguo, miaka yote nilidhani namheshimu, kumbe nimeinama tu, na aliyeinama huonekana ana adabu... "Basi kesho alfajiri nitakupitia." "Siendi, mama." "Nini?" Sauti yangu hiyo, "Siendi. Awe wa kike, awe wa kiume, nitamzaa." Anavuta mtandio, "Na mumeo atasemaje?" Aseme, mdomo anao, siku ile hakuutumia, na akinifukuza cherehani ni yangu, Kifaranga ni wangu, huyu ni wangu, yeye bado kwenye stuli, mimi bado kwenye kiti, kaptura bado nusu, nakanyaga, na aniulize tena, aniulize hata mara mia, jibu ninalo.