Siku Tuliyoteleza Juu ya Mvua ya Mawe

Mimi sipendi kuchekwa, na kila anayenijua hapa Endasak anajua hivyo. Lakini nikiwa na miaka sitini na mitatu nilikaa juu ya bao la msonobari nikateremka mlima mbele ya majirani, kanga ikipepea. Nitaeleza mwenyewe ilivyokuwa, maana wanaoisimulia wanaisimulia vibaya.

Mwanangu Evarist alikufa mwezi wa tisa. Homa ya mapafu ilimchukua siku sita tu. Aliacha mke, Hilda, na watoto wawili, Eva wa miaka tisa na Kenneth wa miaka minne. Kwa desturi yetu sisi Wairaqw, nyumba iliyofiwa hivyo huingia metimani. Hatushikani mikono na mtu. Hatuombi moto wala chumvi kwa jirani, ng'ombe wetu hawachungwi pamoja na wa wengine, na anayetusalimu hutusalimu akiwa mbali. Katekista alikuja akasimama nje ya ua, akaniambia hayo ni mambo ya zamani na Mungu hayahitaji. Nikamjibu kwamba Mungu hakuniuliza alipomchukua mwanangu, basi na mimi simwulizi namna ya kulia. Akaenda zake.

Wazee walitaja miezi minne. Ilipotimia, mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, nikasema bado. Mwezi wa pili ng'ombe wetu mmoja alitoa mimba, nikasema hiyo ni ishara mbaya, tuongeze. Mwezi wa tatu sikutoa hata sababu.

Njia ya mwongo ni fupi, kwa hiyo niseme ukweli. Kaka yake Hilda, Kasian, alikuwa Babati. Mkoa wa Manyara ndiyo kwanza ulikuwa umeanzishwa, nyumba na ofisi zinajengwa kila upande, naye alimwandikia dada yake aende akawapikie mafundi, na watoto wasome huko. Lakini mtu wa metimani haingii nyumba ya mwingine. Nilijua kwamba siku nitakayotamka kuwa yamekwisha, Hilda ataondoka na wajukuu wangu, na mimi nitabaki na kuku na kaburi. Nikaishikilia desturi kama mtu anayeegemea mlango usifunguliwe. Barua ya Kasian Hilda alinisomea mara moja tu, kwa adabu, akaikunja. Hakuuliza tena, na mimi sikumjibu.

Alfajiri moja ya mwezi wa nne ikapiga mvua ya mawe. Nimeona mvua za mawe nyingi, lakini hii ilipiga bati mpaka tukawa hatusikiani ndani ya chumba kimoja. Ilipotulia tulifungua mlango tukakuta mteremko wote mweupe, kuanzia zizini mpaka chini bondeni. Ukikanyaga, mguu unazama hadi kwenye kifundo. Ukungu ulikuwa umelala juu yake, na baridi ilikuwa kali.

Tulikwenda kwanza shambani. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Hakuna hata shina moja lililosimama, na mahindi yalikuwa yamechanika kama yamepitiwa na ng'ombe. Hilda alisimama pale, mikono ndani ya shuka. Mimi nilisema mengi, mengine si ya kuandikwa.

"Shikamoo, mama," Akonaay akapaza sauti kutoka ng'ambo ya mfereji unaopita bondeni kati ya mashamba yetu na yao. Akonaay ni fundi seremala, jirani yetu, na alikuwa rafiki wa Evarist tangu utoto. Mkewe Imakulata alikuwa nyuma yake na watoto wao. "Kwenu imebaki nini?"

"Marahaba. Imebaki ardhi," nikamjibu.

"Hata kwetu."

Wakati tunarudi nyumbani kupitia malishoni, Eva akateleza. Alikaa chini kwa kishindo, na mteremko ukamchukua, hatua kumi, ishirini, mpaka akasimama kwenye kichaka. Nikapiga yowe. Halafu nikasikia anacheka. Nyumba yangu ilikuwa haijasikia mtu anacheka tangu mwezi wa tisa. Kenneth akaanza kuruka-ruka anataka na yeye.

Nilimgeukia Hilda ili amkanye mtoto wake. Hakuwepo. Alikuwa anatoka bandani na bao kwapani.

Lile bao nililijua. Akonaay alipotengeneza jeneza la mwanangu, kipande kimoja kirefu cha msonobari kilibaki, akakiegemeza bandani, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Hata kuni hatukufanya.

"Hilda! Unajua hilo ni bao la nini?"

"Najua, mama," alisema. "Ni la Evarist. Alikuwa anateleza hapa kwenye nyasi akiwa mdogo. Aliniambia mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Nilimchapa kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja, maana alikuwa anamaliza kaptula. Nikampisha.

Hilda akalipaka bao mafuta ya ng'ombe upande wa chini, akawapakia watoto mbele yake, wakaenda. Walipiga kelele mpaka chini. Wakapanda, wakaenda tena. Ng'ambo ya mfereji watoto wa Akonaay hawakuvumilia. Wakaleta karai la kuchanganyia zege, na Imakulata akaleta gunia. Ikawa sisi tunateremka upande wetu, wao upande wao, na mfereji katikati, kama inavyotakiwa. Walitutania kwa mbali. Akonaay alikaa ndani ya karai akateremka akizunguka, amefumba macho, akimwita Bikira Maria, na mimi nilijikuta nimefunika mdomo kwa kanga.

Halafu Hilda akasimama juu ya bao. Peke yake, wima, goti limekunjwa kidogo, mikono imepanuliwa. Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili alianguka. Mara ya tatu alikwenda. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka na nilimwona vizuri, shuka limemdondoka, anakuja kwa kasi na uso wake wote uko wazi. Nilikuwa nimesahau kwamba yule ni msichana wa miaka ishirini na saba. Kwa miezi saba nilikuwa namtazama kama mjane wa mwanangu na sikumwona kabisa. Iliniuma.

Kule chini mfereji ulikuwa umejaa barafu mpaka hauonekani. Bao halikusimama. Likavuka, likamvaa Imakulata aliyekuwa anainuka kutoka kwenye gunia lake, wakaanguka wote wawili, mmoja juu ya mwenzake, wamekumbatiana, wanacheka hadi hawapumui.

Kisha wakakumbuka. Kicheko kikakatika. Imakulata akabaki chini, mkono wake bado uko begani kwa Hilda, hajui auondoe au auache. Wote wakainua macho kunitazama mimi kule juu.

Ningeweza kusema tunaanza upya. Mtu wa metimani akimgusa mwingine, miezi yake huhesabiwa upya, na hakuna ambaye angenipinga. Ningepata miezi mingine minne. Neno lilikuwa mdomoni, na namshukuru Mungu kwamba kabla sijalitoa nilimwona Hilda anaanza kufuta kile kicheko usoni, polepole, kwa kiganja, kama anayefuta kosa.

"Eva," nikasema. "Niletee hilo bao."

Sikusimama, mimi si mwendawazimu. Nilikaa, nikamweka Kenneth mapajani, nikajifunga kanga, Eva akanisukuma. Sitasema niliona nini njiani kwa sababu nilifumba macho. Lakini nilisikia sauti ya kizee inapiga vigelegele na ilikuwa yangu. Nilivuka mfereji. Akonaay alinipokea kwa mikono miwili, akaninyanyua, na hakuna aliyesema kitu juu ya hilo.

Tuliteleza mpaka jua likawa kali na nyasi zikaanza kuonekana. Imakulata alipika uji, tukanywa kwake, ndani ya nyumba yake.

Mchana ule nilichemsha maji, nikatafuta sabuni na wembe mpya, nikawaita nyuma ya nyumba. Metimani huisha kwa kunyolewa. Nikamnyoa Hilda, nikawanyoa watoto. Kisha nikakaa kwenye kigoda, nikampa yeye wembe.

"Ukimaliza," nikamwambia, "mwandikie Kasian kwamba mnakuja."

Wembe ulisimama kidogo kichwani kwangu, halafu ukaendelea.

"Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba muda uliisha tangu mwezi wa kwanza. Kasian alishasema niende tu, yeye mlango wake uko wazi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Unanisubiri nini?"

"Upate nguvu ya kubaki peke yako."

Nilitaka kumfokea. Nikainamisha kichwa ili afikie kisogo.